Pumzi Kwanza, Oksijeni kwa Kipimo

Nje ya wodi ya wazazi Temeke, Mwananyamala, Mbagala Rangi Tatu au Sinza, ndugu wa mzazi wakiambiwa kwamba mtoto ameshazaliwa huuliza kwanza kama amelia. Jinsia na uzito vitaulizwa baadaye. Wakunga nao wana msemo wao: mtoto aliyelegea, asiyelia, "amezaliwa amechoka". Na mtaani, iwe Chamazi au Bunju, mtu akieleza kwa nini mtoto fulani amechelewa kukaa au kutembea, atasema "alikosa hewa" au "alikunywa maji machafu". Lugha yetu imekwisha kutambua kwamba dakika chache za kuzaliwa zinaweza kuamua maisha yote ya mtu. Katika mhadhara huu ninakusudia kuuweka ujuzi huo wa watu kando ya ujuzi wa maabara na wa wodini, kisha kutetea hoja moja: mapafu ya mtoto mchanga huhitaji kwanza kufunguliwa kwa hewa, na oksijeni huifuata hewa hiyo kama dawa yenye kipimo. Anayemnyima mtoto oksijeni anamuua, anayemmwagia bila kupima anamuumiza, na anayekimbilia mtungi kabla ya kuyafungua mapafu anapoteza muda ambao mtoto hana.

Uzito wa hoja hii uko kwenye hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 25 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Utafiti wa 2022 ulikuta 24. Katika muda huohuo, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43, na akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya wakaongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Maana yake ni nzito. Mama amesikia wito, ameacha kujifungulia nyumbani, amepanda bajaji usiku kutoka Toangoma au Mabwepande akafika kituoni, lakini kifo cha mwezi wa kwanza hakijasogea kwa kiasi cha utii wake. Lengo ambalo nchi yetu imelikubali pamoja na mataifa mengine ni kufika 12 au chini yake ifikapo 2030. Sababu kubwa za vifo hivyo ni tatu: kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mbili za kwanza zinakutana katika kiungo kimoja, nacho ni pafu. Kwa hiyo inatupasa kulielewa pafu kabla ya kununua mashine ya kulihudumia.

Tuanze tumboni. Damu inayomfikia mtoto kutoka kwenye kondo la nyuma ina oksijeni ambayo mgandamizo wake ni kama milimita 30 za zebaki, wakati katika mishipa ya mtu mzima mwenye afya ni karibu 95. Mwanafiziolojia Joseph Barcroft wa Cambridge aliilinganisha hali hiyo na kuishi juu ya mlima Everest, na ulinganisho wake umethibitika kwa vipimo. Mwaka 2007 madaktari waliopanda Everest walichukua damu yao wenyewe katika kimo cha mita 8,400, na wastani ukawa milimita 24.6. Sisi wenye Kilimanjaro tunajua jinsi wapandaji wanavyohema kabla ya kufika mita 5,895. Mtoto tumboni anaishi miezi yake na oksijeni kidogo kuliko ile ya aliyesimama kilele cha Uhuru. Hata hivyo haumwi. Hemoglobini yake inaishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama yake, na moyo wake unasukuma damu kwa kasi. Zaidi ya hayo, uchache huo una kazi ya ujenzi. Seli zina protini zinazohisi oksijeni ikiwa kidogo na kuamuru jeni fulani zifanye kazi. Ugunduzi huo uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2019. Katika pafu linalokua, amri hizo husaidia matawi ya njia za hewa kugawanyika na mishipa midogo ya damu kuyafuata. Pafu, basi, limeumbwa lijengwe katika oksijeni kidogo, na mtoto anayezaliwa miezi mitatu kabla ya wakati hukutana na oksijeni nyingi mno kwa umri wake hata pale anapovuta hewa hii ya kawaida tunayovuta sote, yenye asilimia 21.

Pafu hilo tumboni halina hewa. Limejaa maji ambayo seli zake zenyewe huyatengeneza, na maji hayo hulitanua likakua. Yakipungua mno, pafu hudumaa. Mishipa ya damu ya pafu imekaza, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya damu ya moyo hupita humo. Nyingine hukata njia ya mkato: kupitia tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, na kupitia mrija mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Mpangilio huu una busara, maana hakuna faida ya kupeleka damu yote kwenye kiungo ambacho bado hakibadilishi hewa. Lakini una sharti moja gumu: siku ya kuzaliwa, kila kitu kigeuke ndani ya dakika chache, na kigeuke kwa mfuatano wake.

Mgeuko huanza na uchungu. Homoni za leba, hasa adrenalini ya mtoto mwenyewe, huziamuru seli zilizokuwa zikimwaga maji ndani ya pafu zianze kuyanyonya. Ndiyo maana watoto wanaotolewa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza huhema haraka zaidi saa za mwanzo. Mapafu yao yamebakiwa na maji. Kisha huja kilio. Kile kilio ambacho ndugu wanakisubiri koridoni kina kazi yake: huvuta hewa ndani, huyasukuma maji pembeni, na hubakiza hewa kidogo pafuni ili vifuko visijifunge tena. Hewa ikishaingia, oksijeni hupanda, na hapo hutokea jambo la kustaajabisha. Oksijeni ileile huilegeza mishipa ya pafu ili damu iingie kwa wingi, na huubana ule mrija wa mkato ili damu isilikwepe pafu tena. Ishara ni moja na majibu ni mawili yanayopingana, kila tishu ikijibu kwa namna ilivyoandaliwa. Wala haya hayafanyiki kwa mkupuo. Mtoto mzima wa afya, dakika moja baada ya kuzaliwa, ana oksijeni ya kama asilimia 60 hadi 65 tu katika damu. Dakika ya tano hukaribia 80 hadi 85. Dakika ya kumi ndipo huvuka 85 kuelekea 95. Mtoto ambaye bado ana rangi ya bluu dakika ya pili huku analia na kurusha miguu hana ugonjwa. Yuko njiani.

Sasa tuuangalie mfuatano huo unapokatika. Mtoto amechoka, halii. Hewa haijaingia, maji yamebaki pafuni, mishipa imebaki imekaza, mrija wa mkato umebaki wazi, na damu inaendelea kulikwepa pafu kama ilivyokuwa tumboni, ila sasa kitovu kimekatwa na kondo la nyuma halimlishi tena. Ukimwekea mtoto huyu mpira wa oksijeni puani bila kumpulizia, oksijeni hiyo itazunguka usoni mwake na kuishia chumbani. Haina mlango wa kuingilia. Anachohitaji ni kukaushwa kwa kanga au kitenge, kusuguliwa mgongo, kusafishwa njia ya hewa ikiwa imeziba, na asipopumua, kuwekewa kinyago na kupuliziwa kwa mfuko wa mkono mara 40 hadi 60 kwa dakika, huku mkunga akitazama kama kifua kinainuka. Kifua kikiinuka, mlango umefunguka. Yale mazoea ya kumning'iniza mtoto miguu juu na kumpiga makofi hayafungui kitu. Yanamwumiza na yanakula sekunde.

Ushahidi wa jambo hili umekusanywa humuhumu nchini. Kuanzia 2009, hospitali 8 za Tanzania zilianza kuwafundisha wakunga stadi hizo rahisi kwa kutumia mwanasesere, wakilenga mtoto awe anapumua au anapuliziwa ndani ya dakika ya kwanza, ile waliyoiita dakika ya dhahabu. Matokeo, yaliyochapishwa 2013 na Georgina Msemo na wenzake, yalionyesha kwamba vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu baada ya kufa wakati wa kujifungua walipungua kwa asilimia 24. Takwimu hiyo ya pili inastahili kutafakariwa kwa uchungu. Mfuko wa kupulizia haumfufui aliyekufa. Kama idadi ya "waliozaliwa wafu" hupungua wakunga wanapojifunza kupulizia, basi baadhi ya waliokuwa wakifunikwa na kuwekwa pembeni walikuwa na moyo unaodunda, wakingoja hewa. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Hege Ersdal na wenzake walipima muda na kukuta kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupulizia ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango wa mafunzo ya aina hiyo uliozifikia hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano na watoto zaidi ya 270,000: vifo vya wakati wa kujifungua na saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Kazi hizi hazikutegemea mitungi mikubwa ya oksijeni. Zilitegemea mikono iliyozoea, vifaa vidogo na hewa ya chumbani.

Hewa ya chumbani inatosha kweli? Kwa miongo mingi madaktari waliamini haitoshi, na mtoto aliyechoka alipewa oksijeni ya asilimia 100 bila swali. Ola Saugstad wa Norway aliuliza swali hilo kwa majaribio, na mwaka 1998 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa nchi kadhaa uliolinganisha hewa ya kawaida na oksijeni tupu. Majaribio hayo na yaliyofuata yalipojumlishwa, ilionekana kwamba watoto waliopuliziwa hewa ya kawaida walifariki wachache zaidi, na waliopewa oksijeni tupu walichelewa kulia. Kufikia 2010 miongozo ya kimataifa ilibadilika: mtoto aliyetimiza miezi yake aanziwe na hewa ya kawaida. Sababu yake tumekwisha kuigusa. Mwili uliozoea Everest ukimiminiwa oksijeni ghafla huzalisha kemikali kali zinazounguza seli, na kinga dhidi ya kemikali hizo hukomaa wiki za mwisho za mimba. Kwa hiyo njiti, anayeihitaji oksijeni mara nyingi kuliko wengine, ndiye pia asiye na silaha ya kujikinga nayo.

Historia ya njiti na oksijeni imeandikwa kwa machozi ya pande zote mbili. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, hospitali tajiri za Marekani, Uingereza na Australia ziliwaweka njiti ndani ya masanduku yaliyojaa oksijeni, zikidhani zinawatendea wema. Watoto wapatao 10,000 duniani wakawa vipofu, kwa sababu mishipa ya damu ya retina, kama ile ya pafu, ilikuwa bado inajengwa kwa ishara ya oksijeni kidogo. Ishara ilipofutwa, ujenzi ukasimama, kisha ukarudi kwa fujo. Kate Campbell wa Melbourne alionyesha uhusiano huo mwaka 1951, na oksijeni ikabanwa. Upofu ulipungua, lakini mwaka 1973 mtafiti Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, takriban 16 walikuwa wamekufa kwa kunyimwa oksijeni. Hata katika karne hii swali limerudi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2010 uliwagawa njiti katika makundi mawili: waliolengewa asilimia 85 hadi 89 ya oksijeni katika damu walipata ugonjwa mkali wa retina wachache zaidi lakini walikufa wengi zaidi kuliko waliolengewa 91 hadi 95. Tofauti ya hatua chache kwenye kipimo iligawa uhai na kifo, na katika pengo hilo jembamba hakuna mkunga wala daktari anayeweza kutembea kwa kukisia rangi ya midomo.

Pafu lenyewe nalo linaumia. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza ugonjwa mpya kwa njiti waliokaa muda mrefu kwenye mashine na oksijeni kali: mapafu yenye makovu na vifuko vichache. Aliyetimiza miezi huzaliwa na mamilioni ya vifuko vya hewa, na huendelea kuviongeza kwa miaka. Anayeanza na vichache, kisha akachomwa na oksijeni, huenda akabeba upungufu huo hadi utu uzima. Tatizo la kwanza la njiti ni upungufu wa ule ute unaozuia vifuko kunata, ambao Mary Ellen Avery na Jere Mead waliutambua mwaka 1959. Bila ute huo, kila pumzi ni kama kupuliza puto jipya. Dawa yake ya kwanza ni kuvizuia vifuko visifunge, kwa hewa yenye mgandamizo kidogo inayopitishwa puani na mrija ambao ncha yake ya pili imezamishwa katika chupa ya maji. Sentimita tano za kina cha maji hutoa sentimita tano za mgandamizo. Kifaa hiki cha mapovu kimeanza kuenea katika wodi zetu, na ni habari njema. Lakini kikiunganishwa moja kwa moja na mtungi, bila kichanganyio cha hewa na oksijeni, kinalisaidia pafu kwa mkono mmoja na kuliunguza kwa mkono mwingine.

Wapo watakaonijibu hivi: katika Temeke na Kinondoni tatizo ni uhaba, na kuzungumza juu ya oksijeni kuzidi ni kuazima matatizo ya wenye nacho. Nauheshimu wasiwasi huo, kwa sababu uhaba upo, na janga la Uviko-19 lilituonyesha sote maana yake. Lakini uhaba na uzidifu hukaa wodi moja. Mtungi uleule unaomiminwa bila kipimo kwa mtoto mmoja kwa wiki mbili ndio unaokosekana kwa mtoto anayeletwa usiku. Kupima ni namna ya kugawana. Kipimo cha oksijeni cha kufunga mguuni ni kifaa kidogo kinachohudumia watoto wengi, na kila asilimia inayopunguzwa kwa usalama kwa mmoja ni akiba ya mwingine. Ni kweli pia kwamba vipimo hivi vina kasoro. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Hiyo ni sababu ya kumtazama mtoto pamoja na kipimo na kudai vifaa vilivyojaribiwa kwa ngozi yetu, wala haihalalishi kurudi kwenye kukisia. Tena tunapoongeza uwezo wa kuwaokoa njiti, bila kipimo tutaurithi upofu ambao nchi za Amerika ya Kusini na Asia ziliurithi zilipofika hatua hii kabla yetu. Mtoto atakayepofuka hivyo ataishi Yombo au Tegeta miaka 60 gizani, na giza hilo litakuwa limetoka mikononi mwetu.

Hoja ya pili ni ya wakunga wenyewe, na ni nzito kuliko ya kwanza: mkunga mmoja ana wazazi kadhaa kwa wakati mmoja, dakika ya dhahabu ataipata wapi? Mafunzo pekee hayajibu. Haydom walikuta kwamba baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri kwenye mwanasesere, lakini vitendo vyao wodini havikubadilika. Mabadiliko yalikuja pale mazoezi mafupi yalipofanyika mara kwa mara palepale wodini: vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kwa mujibu wa matokeo ya 2015. Dakika chache za mazoezi zamu inapobadilishana zinawezekana hata Mbagala. Lakini sitaki mazoezi yatumike kama kisingizio cha kutoajiri. Mikono ndiyo inayoyafungua mapafu, na mikono haiwezi kuwa vitanda vitatu kwa wakati mmoja.

Hoja ya tatu inatoka kwa madaktari: wapo watoto ambao hewa ya kawaida haiwatoshi, kama vile njiti wadogo sana, wenye nimonia, na waliovuta kinyesi chao tumboni. Nakubali kabisa. Njiti wadogo huanziwa na oksijeni ya kama asilimia 30, na wengine huhitaji zaidi. Ninachokitetea ni kipimo, na kipimo huenda juu na chini. Mfano ulio wazi ni sindano za kukomaza mapafu anazochomwa mama mwenye dalili za kujifungua mapema, ambazo Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walizithibitisha mwaka 1972. Utafiti wa nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, uliochapishwa 2015, ulikuta kwamba zilipotawanywa katika vituo ambako umri wa mimba haukujulikana vizuri na huduma kwa njiti ilikuwa dhaifu, hazikuokoa, na vifo kwa jumla viliongezeka kidogo. Utafiti wa 2020, ambao Kenya ilishiriki tena, ulizitumia katika hospitali zenye uwezo, umri wa mimba ukihakikishwa kwa altrasaundi, na vifo vya watoto wachanga vikapungua kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ni ileile, mapafu ni yaleyale, na kilichotofautisha ni kujua nani anapewa, lini, na anapokelewa na nani.

Tukiifuata hoja hii hadi mwisho, tunaona kwamba kazi ya mapafu inaanza kabla ya kuzaliwa. Kila uchungu unapobana, damu ya kwenye kondo hupungua kwa muda na mtoto hukaa bila oksijeni mpya. Mwenye akiba huvumilia, aliyechoka huishiwa. Mapigo ya moyo yanayosikilizwa kwa wakati ndiyo yanayosema akiba imebaki kiasi gani. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, miongozo mifupi iliyoandikwa pamoja na wahudumu wenyewe iliambatana na kupungua kwa watoto wanaozaliwa wafu kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000, na mpango huo ukaja kufanyiwa kazi katika hospitali za Dar es Salaam. Kitovu nacho kisikatwe kwa pupa. Katika takwimu za Haydom, watoto ambao kitovu chao kilibanwa baada ya wao kuanza kupumua walikuwa salama zaidi, kwa sababu damu ya kondo huendelea kuujaza moyo mpaka pafu lishike zamu. Njiti awekwe kifuani kwa mama mapema, maana mtoto anayepigwa na baridi huitumia oksijeni yake kujipasha moto. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, ulipunguza vifo vyao kwa asilimia 25 kwa kuanza huduma ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa. Na nyumbani kuna moshi. Gesi ya mkaa huishika hemoglobini mahali pa oksijeni, na utafiti wa wajawazito wa Dar es Salaam uliochapishwa 2017 uliuhusisha moshi wa majumbani na madhara kwenye mishipa ya kondo la nyuma. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ni mkakati wa misitu, na pia ni mkakati wa mapafu ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ombi langu lina mpangilio uleule wa pafu lenyewe. Wanaopanga bajeti za manispaa na za hospitali, wasianze na mtungi. Waanze na mkunga wa kutosha kwa kila zamu, mfuko na kinyago safi kando ya kila kitanda cha kujifungulia, na mazoezi mafupi yasiyokoma. Baada ya hapo kije kifaa cha mapovu pamoja na kichanganyio chake, na kipimo cha oksijeni katika mguu wa kila mtoto anayepewa dawa hiyo, na daktari wa macho wa kumchunguza njiti kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Wajawazito waanze kliniki mapema ili umri wa mimba ujulikane, na wenzi wao waondoe jiko la mkaa chumbani. Na sisi tunaosubiri koridoni tuendelee kuuliza kama mtoto amelia. Asipolia, tuwe na haki ya kuuliza swali la pili: alipuliziwa ndani ya dakika ya ngapi? Siku swali hilo litakapokuwa na jibu lililoandikwa katika kila faili la wodi za wazazi za Temeke na Kinondoni, watoto wengi tunaosema wamechoka watakuwa wamepumzika salama vifuani mwa mama zao.